Managu na saga: kwa mavyaa ni tamu, kwangu ni chungu

Swali: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, nimeolewa na Mkisii, tunaishi Ruiru. Kila nikipika managu na saga hutoka chungu mpaka watoto wanasukuma sahani. Nimejaribu kumwaga maji ya kwanza, nikajaribu magadi, nikaongeza nyanya na vitunguu vingi, bado tu. Kwa mavyaa mboga hizo hizo ni laini na tamu, tena anazila hata siku ya tatu kutoka sufuria ile ile. Yeye hufanyaje? Na hizo siku tatu si hatari?

Jibu: Marahaba mwanangu. Nimelisoma swali lako mara mbili nikaona vitu viwili hukuvitaja hata mara moja: maziwa na muda. Hivyo ndivyo alivyo navyo mavyaa wako. Wewe unapambana na uchungu kwa maji, magadi na nyanya, ili uutoe kabisa. Yeye hautoi. Anautuliza, polepole, mpaka unabaki kidogo tu nyuma ya utamu wa maziwa, na huo uliobaki ndio unaofanya mboga iitwe managu.

Kwanza nikutoe ugeni. Managu ni jina la Kikuyu lililoenea kupitia masoko ya Nairobi. Wakisii huita rinagu, Waluo osuga, kwetu Maragoli lisutsa, na kwenu Pwani ndiyo mnavu, mboga ambayo bila shaka umeiona tangu utotoni. Saga, ambayo mavyaa wako anaiita chinsaga, ni mgagani kwa Kiswahili. Waluo huiita dek. Na kama uliwahi kula mchunga kwa nazi kwenye nyumba za Kimijikenda, basi ulimi wako unaujua uchungu wa majani tangu zamani, na unajua pia unavyotulizwa. Nitaurudia mchunga huo mwishoni.

Sasa, uchungu unatoka wapi? Managu ni ndugu wa nyanya, kiazi na biringanya, na katika ukoo huo mmea hujilinda kwa kemikali chungu zinazoitwa glaikoalkaloidi. Jani changa linazo kidogo. Mmea ukikomaa, ukitoa maua na vitunda, zinaongezeka, na vitunda vibichi vya kijani ndivyo vibaya kuliko vyote. Saga ni ya ukoo ulio karibu na kabeji na haradali. Ukali wake unafanana na ule wa haradali, na juu yake kuna tanini, ile inayokausha ulimi kama chai ya rangi iliyokaa sana. Mboga zote mbili zikipata kiu shambani huwa chungu zaidi. Ndiyo maana saga ya Februari, jua likiwa kali, si saga ya Mei baada ya mvua ndefu, hata kama umeinunua kwa mama mboga yule yule.

Kwa hiyo nusu ya kazi iko sokoni, na hapo mavyaa wako amekutangulia mbali. Yeye huchuma asubuhi, karibu na boma la ng'ombe ambako udongo umeshiba samadi, na huchuma ncha laini tu. Wewe unanunua fungu lililokatwa jana, likafungwa kamba, likasafiri usiku kwenye gunia. Huwezi kulibadilisha hilo, lakini unaweza kuchagua. Vunja bua la managu kwa kidole: likivunjika kwa mlio, ni changa, likipinda na kuacha nyuzi, liache. Fungu lenye maua meupe mengi na vitunda vya kijani liache pia. Kwa saga, angalia kama imeanza kubeba yale maganda ya mbegu, marefu na membamba kama maganda ya mbaazi yaliyonyooshwa, ikibeba, imezeeka. Tena kuna managu ya majani mapana na ya majani madogo. Yale mapana, ambayo wakulima wengi wanaolima kwa biashara wanayapanda siku hizi, kwa kawaida si machungu kama yale madogo yanayojiotea kando ya ua. Kwa watoto wako anza na mapana.

Mboga hizi zina historia ninayopenda kuieleza. Nilipokuwa msichana, ukimpikia mgeni lisutsa ilikuwa kama umemtangazia umaskini wako. Mgeni alipikiwa kabeji. Mboga hizi ziliitwa magugu, na watoto wa shule walizionea haya. Watu waliobadilisha jambo hilo walifanya kazi kwa miaka mingi, na mmoja wao ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, ambaye alizichunguza mbegu zake, namna ya kuzilima na lishe yake wakati wengi hawakuona maana. Mwingine ni Patrick Maundu wa Makavazi ya Taifa, aliyekusanya majina na matumizi ya mimea ya chakula kutoka kwa jamii mbalimbali za nchi hii. Mwaka 2021 UNESCO iliiweka kazi ya Kenya ya kuhifadhi vyakula vya kienyeji kwenye orodha yake ya mifano mizuri ya kulinda urithi. Leo managu utazikuta hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Lakini mbegu imerudi haraka kuliko maarifa ya jikoni, na swali lako linaonyesha pengo hilo. Watu wengi mjini wananunua managu na kuzipika kama sukuma wiki: katakata, kaanga dakika tano, nyanya juu. Sukuma inakubali. Managu hayakubali.

Tuingie jikoni. Kuchambua kwanza: toa majani na ncha laini, tupa mabua magumu, tupa maua, na toa kila kitunda kibichi. Usiyakate kwa kisu kama sukuma. Jani kubwa lipasue kwa mkono mara moja, mengine yaache mazima. Osha kabla ya kupasua, si baadaye, maana ukiosha jani lililokatwa vitamini nyingi huondoka na maji. Saga hushika mchanga kwenye vinywele vyake, kwa hiyo ioshe kwa maji matatu.

Kuhusu kumwaga maji ya kwanza, jibu langu ni hili: saga, ndiyo, mara moja, wakati wa kiangazi. Managu machanga, hapana. Maji yale unayomwaga yamebeba uchungu kiasi, lakini yamebeba pia vitamini C na foleti, na ukiyamwaga mara mbili mara tatu kama wengine wanavyofanya, unabaki na nyuzi za kijani zisizo na ladha wala faida. Nimeona watu wakifanya hivyo kisha wakilalamika kwamba mboga za kienyeji hazina utamu. Utamu umekwenda na maji.

Magadi sasa. Kwetu Waluhya tunatumia munyu wa majivu, tunaouita omusherekha. Bibi yangu alichoma maganda makavu ya maharagwe, majivu akayatia kwenye chombo chenye matundu chini, akamimina maji juu, na yale maji ya rangi ya chai yaliyodondoka ndiyo munyu. Magadi ya kutoka Ziwa Magadi na soda ya mandazi hufanya kazi inayofanana: hulainisha jani upesi na kulilinda lisipoteze ukijani. Kwa mrenda ni lazima, maana bila munyu mrenda unabaki mgumu na ute wake haufunguki vizuri. Kwa kunde zilizokomaa inasaidia. Lakini magadi hayaondoi uchungu wa managu. Yanalainisha jani tu, na yakizidi yanaleta ladha ya sabuni na kuua vitamini C na vitamini B1. Kwa mtu mwenye presha ni chumvi nyingine juu ya chumvi. Kwa managu na saga weka magadi kando kabisa. Jani changa halihitaji, na jani kuukuu halitaokolewa nayo.

Nyanya ndiyo iliyokuangusha zaidi, mwanangu. Nyanya ina asidi. Asidi haitulizi uchungu kama maziwa yanavyoutuliza. Ulimi unapata mambo mawili makali kwa pamoja. Na siku utakayotia maziwa juu ya nyanya yatakatika vipande vipande mbele yako. Ukichagua njia ya mavyaa wako, nyanya isikaribie sufuria hiyo.

Njia yenyewe ni hii. Kwa watu watano chukua gramu 600 hivi za majani ya managu yaliyochambuliwa na gramu 300 za saga, yaani sehemu mbili kwa moja. Saga peke yake ni kali kwa asiyezoea. Managu peke yake yanakosa harufu ile ya saga inayofanya nyumba nzima ijue kinachopikwa. Chemsha vikombe viwili vya maji na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Maji yakitokota, tia saga, acha wazi bila kifuniko dakika tano. Kama ni kiangazi, mwaga maji hayo na utie kikombe kimoja kingine cha maji yanayochemka. Kama ni majira ya mvua, acha maji yalivyo. Pika saga dakika 15, kisha tia managu, geuza kwa mwiko, na uendelee dakika 10 hadi 15 mpaka jani linalegea kabisa na maji yanakaribia kukauka. Usiogope kwamba zimepikwa mno. Mboga hizi zinataka kulegea.

Sasa maziwa. Tia kikombe kimoja na nusu cha maziwa freshi yasiyoondolewa mafuta, punguza moto mpaka uone povu dogo tu likicheza pembeni, na uache dakika 20 ukigeuza mara kwa mara ili yasishike chini. Yale ya kupima, ya ng'ombe, ni bora kuliko ya pakiti, ila uyachemshe kwanza. Utaona maziwa yakigeuka ujiuji wa kijani hafifu, kisha yanazama ndani ya jani. Mafuta ya maziwa hufunika ulimi usikutane na uchungu moja kwa moja, na protini yake hushikana na ile tanini ya saga. Onja wakati huu. Utasikia uchungu bado upo, lakini hauchomi. Wengi hukata tamaa hapa wakadhani wameshindwa, kumbe mboga imefika nusu ya safari.

Zima moto. Usimalize leo.

Kesho yake tia nusu kikombe cha maziwa na vijiko viwili vya mezani vya malai, pasha polepole mpaka ichemke, acha dakika kumi. Onja tena, na hapo ndipo utakapomwelewa mavyaa wako. Jani limekunywa maziwa usiku kucha, chumvi imesambaa sawasawa, ule ukali wa jana umekaa chini. Malai unaweza kuyapata nyumbani: chemsha lita moja ya maziwa mazima, yaache yapoe kwenye friji, utakuta tabaka zito juu, likusanye kwa kijiko. Ukifanya hivyo siku tatu mfululizo una ya kutosha. Kama una samli ya kienyeji, kijiko kimoja cha chai mwishoni kinatosha. Kitunguu, ukikipenda, kikaange kidogo kwenye samli hiyo siku ya kula, si siku ya kuchemsha.

Vijijini Kisii, Waluo na Wakalenjin pia, mboga hizi hupikwa hivi, kila jamii na namna yake ya maziwa. Wengine hutia maziwa mala, wengine malai peke yake. Mwulize mavyaa wako anatia yapi na anayatia siku gani. Usimwulize "unapikaje," maana atakuambia "napika tu." Mwulize maziwa.

Kuhusu hatari, uliuliza vizuri na ninataka unisikilize. Zamani mboga ilikaa kwenye chungu cha udongo jikoni penye moto, ikachemshwa asubuhi na jioni, kila siku, bila kukosa, na nyanda za juu za Kisii usiku ni baridi. Jikoni kwako Ruiru, juu ya gesi iliyozimwa, kwenye nyumba yenye joto, si kitu kile kile. Maziwa na majani yaliyopikwa yakikaa nje usiku kucha, vijidudu huzaliana, na baadhi yao huacha sumu isiyoharibika hata ukichemsha upya. Kwa hiyo ukizima moto, mimina mboga kwenye sinia pana ipoe haraka, na ndani ya muda wa saa mbili tangu uzime moto iwe imeingia kwenye friji, imefunikwa. Kila ukitaka kula, toa kiasi cha mlo huo tu, kichemshe mpaka kitokote katikati, si kupasha moto juu juu. Kilichobaki mezani hakirudi kwenye friji. Ukifuata hivyo, siku ya tatu ni salama na ndiyo tamu kuliko zote. Ya nne usiivuke. Ikitoa harufu ya uchachu ambao hukuutia wewe mwenyewe, mwaga bila huruma.

Na kama una mtoto mchanga anayeanza vyakula, yeye apikiwe mboga zake siku hiyo hiyo, asipewe za siku ya pili. Majani haya yana naitreti kwa asili, na yakikaa, hasa nje ya friji, vijidudu huigeuza kuwa naitriti, ambayo damu ya mtoto mchanga haiwezi kuihimili kama ya mtu mzima.

Wale wakubwa wanaosukuma sahani usiwalazimishe. Ulimi wa mtoto unahisi uchungu zaidi ya wetu, si ukaidi. Anza kwa kuchanganya: nusu managu, nusu terere, yaani mchicha wenu, bila saga kabisa. Terere haina uchungu, inabeba maziwa vizuri. Wakizoea mwezi mmoja, punguza terere, ongeza managu. Saga iingie mwisho, mkono mmoja tu kwa sufuria nzima. Kwetu tulifundishwa hivyo hivyo bila kujua kwamba tunafundishwa: mtoto alianzia kwenye majani ya kunde na seveve, yale majani ya malenge, na miroo, mboga yetu nyingine iliyo chungu, aliikuta ulimi ukiwa umekomaa.

Ziandalie ugali wa wimbi kama unaweza kupata unga mzuri. Sehemu mbili za wimbi kwa moja ya mahindi hushikana bila kuwa mzito. Wimbi una utamu wake wa chini chini unaokutana na managu vizuri kuliko ugali mweupe, na mume wako atajua mara moja wazo hilo limetoka wapi.

Sasa nirudi kwenye mchunga wa Pwani. Siku usipokuwa na maziwa, au kama kuna mtu nyumbani ambaye maziwa yanamsumbua tumbo, una njia ya kwenu. Chemsha saga na managu kama nilivyosema, kisha badala ya maziwa tia tui zito la nazi moja, kikombe kimoja hivi, na kitunguu kilichokatwa nyembamba. Moto mdogo, usifunike, geuza mara kwa mara ili tui lisikatike, dakika kumi na tano tu. Chumvi mwishoni. Mafuta ya nazi yanatuliza uchungu kama yanavyotuliza ule wa mchunga, na kidogo cha pilipili mbichi nzima iliyoelea juu bila kupasuka kinakaa vizuri humo. Tui lakini halina subira ya maziwa. Liliwe siku hiyo hiyo, jioni.